Kurudi, Kurudishwa na Hiari: Lugha ya Ufadhili wa Kimataifa katika Masuala ya Wakimbizi

Ikisiri

Makala haya yanachunguza baadhi ya maneno ya Kiswahili yanayotumiwa kuzungumzia kurudi kwa wakimbizi makwao na kuhamishiwa kwao katika nchi za tatu. Maneno yanayoshughulikiwa ni kurudi, hiari, mfadhili, ahadi na ushirikiano. Hoja kuu ni kwamba mnyambuliko wa kitenzi cha Kiswahili hudokeza kuwapo kwa mtendaji ambaye hati rasmi mara nyingi humwacha nje ya sentensi, na kwamba mara kwa mara mtendaji huyo ni yule anayetoa au kuzuia fedha. Mifano mingi imetolewa katika kambi za Dadaab na Kakuma nchini Kenya, na mingine michache nchini Tanzania.

1. Utangulizi

Wahenga walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Methali hii ya mabaharia hutajwa mara kwa mara panapozungumziwa safari ndefu na hamu ya nyumbani. Hata hivyo, ndani yake mna dhana mbili ambazo aghalabu hazisemwi wazi. Kwanza, anayekwenda tezi na omo huenda kwa miguu yake mwenyewe na hurejea apendapo. Pili, ngama ipo pale pale ikimngoja. Motifu ya safari na marejeo katika ngano zetu imejengwa juu ya dhana hizo hizo: shujaa huondoka, hupatwa na masaibu, kisha hurejea katika kijiji kile kile alikotoka, nacho humpokea kwa vifijo.

Mkimbizi hana uhakika wa lolote kati ya mambo hayo. Chombo chenyewe huenda kimevunjika. Aidha, safari yake ya kurudi ina mlipaji, ina ratiba na ina fomu ya kutiwa sahihi. Ndiyo maana suala la wakimbizi, ambalo kwa kawaida huachiwa wanasheria na wataalamu wa siasa, linamhusu pia mwanafunzi wa Kiswahili. Maneno anayoambiwa mkimbizi siku ya kuamua ni ya lugha, na uamuzi anaoufanya kwa kuyategemea unaweza kumgharimu uhai.

2. Mtendaji katika kitenzi

Tuanze na sentensi tatu sahili:

(1) Wakimbizi walirudi Kismayu.
(2) Serikali iliwarudisha wakimbizi Kismayu.
(3) Wakimbizi walirudishwa Kismayu.

Katika sentensi ya (1), kitenzi kimo katika kauli ya kutenda. Wakimbizi ndio watendaji, nao ndio walioamua. Katika sentensi ya (2), kiambishi -ish- cha kauli ya kutendesha kinaleta mhusika mwingine ambaye ndiye chanzo cha tendo. Katika sentensi ya (3), kiambishi -w- cha kauli ya kutendwa kimemwondoa mhusika huyo katika nafasi ya kiima. Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba hakijamfuta. Kiambishi -ish- bado kimo ndani ya neno kikishuhudia kwamba yupo mtu aliyesababisha. Msemaji wa Kiswahili akisikia sentensi ya (3), hana budi kuuliza: walirudishwa na nani?

Hali ni hiyo hiyo kwa jozi za rejea na rejesha, na hama na hamisha. Katika hati za Kiingereza, nomino moja hutumika kwa anayekwenda kwa miguu yake na kwa anayepakiwa katika lori. Kiswahili hakimpi mfasiri nafasi hiyo. Humlazimisha kuchagua kauli. Ni dhahiri basi kwamba uchaguzi wa mfasiri kati ya kurudi na kurudishwa si suala la mtindo tu, bali ni ushahidi kuhusu nani aliyetenda.

Utata mkubwa zaidi umo katika kirai kinachosikika sana redioni na kusomwa magazetini: kurejeshwa kwa hiari. Kitenzi kinasema mkimbizi ametendwa, na kielezi kinasema kuna aliyependa. Hiari hiyo ni ya nani? Je, ni ya anayerejeshwa, au ya anayerejesha? Sarufi haitoi jibu. Jibu hutafutwa nje ya sentensi, katika mazingira ambamo hiari hiyo ilipatikana.

Nomino mkimbizi nayo ina funzo. Imetokana na kitenzi kimbia, ambacho hutaja tendo bila kutaja mwisho wake. Kauli ya kutendea, yaani kimbilia, ndiyo inayoongeza mahali pa kufikia, na kutokana nayo tunapata nomino kimbilio. Mkimbizi huanza kwa kukimbia. Iwapo atapata pa kukimbilia hutegemea wengine.

3. Hiari katika mikataba

Hiari ni neno lenye asili ya Kiarabu linalobeba maana ya kuchagua. Kinyume chake ni shuruti. Methali isemayo hiari yashinda utumwa hutukumbusha kwamba hata kazi ngumu huwa nyepesi kwa aliyeichagua.

Sheria ya kimataifa imelipa neno hili uzito mkubwa. Kifungu cha 33 cha Mkataba wa Geneva wa mwaka 1951 kinakataza nchi kumfukuza au kumrudisha mkimbizi mahali ambapo maisha au uhuru wake utakuwa hatarini. Itifaki ya mwaka 1967 iliuondolea mkataba huo mipaka ya wakati na mahali. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, uliopitishwa Addis Ababa mwaka 1969, ulikwenda hatua moja mbele: kifungu chake cha 5 kinasema wazi kwamba mkimbizi yeyote hatarudishwa kwao kinyume cha matakwa yake. Hapa Afrika ilitangulia kuifanya hiari kuwa kanuni ya mkataba wenye nguvu ya sheria.

Hata hivyo, kanuni ni jambo moja na utekelezaji ni jambo jingine. Mnamo Desemba 1996, Serikali ya Tanzania na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR) zilitoa tangazo la pamoja kwamba wakimbizi wote wa Rwanda walitarajiwa kurudi kwao kufikia tarehe 31 ya mwezi huo. Wengi walipojaribu kukimbilia upande wa ndani wa Tanzania badala ya mpakani, wanajeshi waliwageuza. Mamia ya maelfu ya watu wakavuka kuingia Rwanda kwa muda wa wiki chache. Kwa mtazamo wa sarufi, tangazo lilitumia kitenzi cha sentensi ya (1), lakini barabarani kilitendeka kitenzi cha sentensi ya (3).

4. Mfadhili, mchango na ahadi

Ni muhimu kufahamu jinsi kazi hii inavyogharimiwa. UNHCR ilianzishwa mwaka 1950. Ni sehemu ndogo tu ya gharama zake inayotoka katika bajeti ya kawaida ya Umoja wa Mataifa. Karibu fedha zote zilizobaki ni michango ya hiari ya serikali na watu binafsi. Neno hiari linajitokeza tena hapa, na safari hii mwenye hiari ni mtoaji. Hakuna mkataba unaoilazimisha nchi tajiri kutoa kiasi fulani kila mwaka. Isitoshe, sehemu kubwa ya michango hutolewa kwa masharti kwamba itumike katika nchi fulani au kwa kazi fulani, hivi kwamba kambi moja inaweza kupata na nyingine ikakosa.

Kwa upande mwingine, nchi inayopakana na vita haina hiari ya namna hiyo. Watu hufika mpakani usiku, nayo inapaswa kuwapokea. Zaidi ya wakimbizi saba katika kila kumi duniani wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Tunapata hivyo mizani isiyolingana: wajibu wa kupokea ni wa lazima, ilhali wajibu wa kulipia ni wa hiari.

Msamiati wetu unaificha hali hii. Neno mfadhili linahusiana na fadhila, yaani wema anaoutenda mtu bila kudaiwa. Anayefadhiliwa hushukuru, hadai. Neno mchango lina mantiki tofauti. Katika desturi ya harambee iliyozoeleka nchini Kenya, kila mmoja huchanga kwa kuwa mzigo ni wa wote, na anayetaja kiasi mbele ya umati hutazamiwa kukileta. Anayeahidi mbele ya watu kisha asilete husemwa kijijini kwa miaka mingi. Ahadi ni deni.

Mikutano ya kimataifa ya kuahidi michango inafanana na harambee kwa sura, lakini haina nguvu ya aibu inayoifanya harambee ifaulu. Mnamo Oktoba 2015, mkutano wa kuchangia wakimbizi wa Kisomali ulifanyika Brussels. Kiasi kilichohitajika kwa ajili ya kuiandaa Somalia iwapokee watu wake na kuzisaidia nchi zilizowahifadhi kilikuwa dola za Kimarekani milioni 500. Kiasi kilichoahidiwa kilikuwa takriban dola milioni 105, ambacho ni zaidi kidogo ya sehemu moja ya tano, au kwa hesabu nyepesi, dola 21 katika kila 100 zilizohitajika. Hizo nazo zilikuwa ahadi tu.

5. Kisa cha Dadaab

Kambi za Dadaab katika Kaunti ya Garissa zilianzishwa mwaka 1991, baada ya kuanguka kwa serikali ya Siad Barre. Ifo, Dagahaley na Hagadera zilikusudiwa kuwahifadhi watu 90,000. Wakati wa ukame na njaa ya mwaka 2011, Dadaab ilikuwa na karibu watu nusu milioni.

Tarehe 10 Novemba 2013, Kenya, Somalia na UNHCR zilitia sahihi mapatano ya pande tatu kuhusu kurudi kwa hiari kwa wakimbizi wa Kisomali. Misafara ya kwanza ya majaribio ilianza Desemba 2014, ikielekea Luuq, Baidoa na Kismayu. Waliojitokeza mwanzoni walikuwa wachache. Kisha matukio yakafuatana kwa kasi. Aprili 2015, magaidi waliua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, na serikali ikataka kambi ziondolewe katika muda wa miezi mitatu. Muda huo ulipita bila kambi kuondolewa. Juni 2015, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) lilipunguza mgao wa chakula kwa asilimia 30 kwa kukosa fedha. Mei 2016, serikali ilitangaza kwamba Dadaab itafungwa na ikaivunja idara yake ya masuala ya wakimbizi. Desemba 2016, mgao wa chakula ulikatwa nusu. Katika kipindi hicho, waliokubali kurudi walipewa usafiri na fedha za kuanzia maisha.

Hapa ndipo swali la hiari linapochomoza kwa ukali. Mzazi mwenye watoto watano anaambiwa mambo matatu kwa pamoja: kambi itafungwa, chakula kimepungua, na anayejiandikisha sasa atapata fedha za njiani. Mzazi huyo anajiandikisha. Hakuna aliyemshika mkono kwa nguvu. Fomu ina sahihi yake. Je, amerudi, au amerudishwa? Mashirika ya kutetea haki za binadamu yaliyochunguza hali hiyo mwaka 2016 yalisema kwamba urejeshaji huo haukuwa wa hiari. Baadhi ya waliokwenda waliishia katika kambi za wakimbizi wa ndani huko Kismayu, na wengine walivuka tena mpaka kuja Dadaab, ambako hawakuwa na kadi ya mgao.

Tarehe 9 Februari 2017, Mahakama Kuu ya Kenya, kupitia kwa Jaji John Mativo, iliamua kwamba agizo la kufunga Dadaab lilikiuka Katiba. Kesi hiyo ilikuwa imewasilishwa na Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu na Kituo cha Sheria. Kwa jumla, zaidi ya watu 80,000 waliondoka Kenya kwa mpango huo katika miaka iliyofuata mwaka 2014. Si haki kudai kwamba wote walishurutishwa. Wapo waliotamani kwao na waliokuwa na ardhi na jamaa wa kuwapokea. Kinachodaiwa hapa ni kwamba mahakama inaweza kuzuia agizo la serikali, lakini haiwezi kuujaza mfuko wa unga. Shuruti inayotokana na upungufu wa fedha haina mshtakiwa.

6. Makazi mapya: Kakuma hadi Handeni

Suluhisho la pili ni kumhamishia mkimbizi katika nchi ya tatu. Kwa kila mwaka, wanaopata nafasi hiyo hawafiki hata asilimia moja ya wakimbizi wote duniani. Kisa kimoja kinachomgusa moja kwa moja msomi wa lugha za Kibantu ni cha Wazigua wa Somalia. Wahenga wao walichukuliwa kutoka eneo ambalo leo ni Tanzania katika karne ya 19 na kufanywa watumwa. Vizazi vyao viliishi kandokando ya mto Juba, na wengi wakahifadhi Kizigula. Vita vilipozuka mwaka 1991 walikimbilia Kenya.

Jitihada za kuwatafutia makao kusini mwa Afrika zilikwama. Mwaka 1999, Marekani ilikubali kuwapokea takriban watu 12,000 wa jamii za Kibantu za Somalia. Kwa kuwa Dadaab ilionekana si salama kwa maafisa wa kuwahoji, mwaka 2002 watu hao walisafirishwa kwa mabasi hadi Kakuma, upande wa pili wa Kenya. Safari za kwenda Marekani zikaanza mwaka 2003. Wakati huo huo, kundi jingine lililokuwa limeingia Tanzania lilipewa ardhi Chogo, wilayani Handeni, katika mkoa wa Tanga, na katika miaka ya 2000 likaanza kupewa uraia. Hawa ndio pekee katika makala haya ambao kwao methali ya ngama ilitimia: walifika mahali ambapo lugha ya bibi zao ilikuwa ikisemwa.

Wengine hawakubahatika. Januari 2017, Marekani ilipositisha kwa amri ya rais upokeaji wa wakimbizi, familia za Kisomali zilizokuwa Nairobi zikingoja ndege zilipakiwa mabasi na kurudishwa Dadaab. Tarehe 20 Januari 2025, upokeaji ulisitishwa tena. Katika visa hivyo, aliyehamishwa na asiyehamishwa walitofautishwa na sahihi iliyotiwa katika ofisi wasiyoijua.

7. Ushirikiano

Neno ushirikiano lina kiambishi -an- cha kauli ya kutendana. Kauli hii huhitaji pande mbili zinazotendeana jambo moja. Watu husalimiana, husaidiana, hushirikiana. Upande mmoja ukitenda na mwingine ukipokea tu, Kiswahili hakiruhusu -an-. Mapatano ya Kimataifa kuhusu Wakimbizi, yaliyoidhinishwa na Umoja wa Mataifa Desemba 2018, yanasisitiza kugawana mzigo na wajibu. Hata hivyo, hayana nguvu ya kisheria ya kumlazimisha yeyote kutoa chochote.

Kenya nayo ilipitisha Sheria ya Wakimbizi mwaka 2021, na Machi 2025 ikazindua mpango wa kuzigeuza kambi kuwa makazi ambamo wakimbizi na wenyeji watatumia pamoja shule, hospitali na masoko. Mpango huo umepewa jina la Kiswahili: Shirika. Ni jina lililochaguliwa vyema, nalo linakumbusha methali isemayo mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa zaidi ya miaka 30, mgeni wa Dadaab alipewa bakuli badala ya jembe.

Kwa bahati mbaya, mpango ulizinduliwa wakati ule ule fedha zilipokuwa zikikauka. Marekani, iliyokuwa ikitoa karibu asilimia 40 ya fedha za UNHCR, ilipunguza misaada yake ya nje tangu mwanzoni mwa mwaka 2025. Katikati ya mwaka huo, mgao wa chakula kwa wakimbizi nchini Kenya ulishuka hadi asilimia 28 ya kiwango kamili. Anayeamua kurudi kwao katika hali hiyo huitwa aliyerudi kwa hiari, kwa kuwa hakuna neno jingine katika fomu.

8. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba maneno tunayoyazoea yana ushahidi ndani yake. Kiambishi -ish- humtaja msababishi hata anapofichwa, na kiambishi -an- hudai usawa hata usipokuwapo. Wajibu wa mwanafunzi wa Kiswahili, ambaye kesho atakuwa mfasiri, mkalimani au mwanahabari, ni kutouficha ushahidi huo.

Kabla ya kuandika kurudi kwa hiari, yafaa ajiulize maswali matatu. La kwanza: mkimbizi angesema hapana, angebaki akila nini? La pili: nani analipa, naye anaweza kuacha kulipa bila kuulizwa? La tatu: huko anakokwenda kuna nyumba, kisima na shule, au ni ahadi ya mkutano? Majibu yakiwa mema, kitenzi rudi kinastahili. Yasipokuwa mema, Kiswahili kina kitenzi kingine, nacho ni rudishwa.

Wakimbizi wengi wa Kakuma na Dadaab husikiliza maelezo ya safari kupitia kwa wakalimani. Mkalimani akikosea kauli, mtu anaweza kutia sahihi jambo asilolikusudia. Vyama vya Kiswahili vyuoni vinaweza kuanza hapo: kuzisoma fomu hizo, kuzijadili, na kupendekeza Kiswahili kinachomwambia mkimbizi ukweli kuhusu nani anatenda na nani anatendwa.